Nundu Kumi na Mbili

Ng'ombe wa kwetu Saskatchewan hawana nundu.
Migongo yao imenyooka kama nchi yenyewe,
na yule mtamba niliyemuuza Novemba,
mwekundu, mkaidi wa kupanda gari,
alikwenda mnadani Yorkton na mgongo wake bapa
akarudi akiwa hundi.

Hundi nikaigawa. Nusu umeme.
Robo jino la Kayla.
Iliyosalia nikaitia kwenye kopo la kahawa
nikaandika juu kwa kalamu nene: KEMSHAFTI.

Arbuni nilitoa Desemba. Leo Machi ishirini na mbili,
theluji inaoza kando ya barabara,
nami nimesimama karakanani kwa Orest Baziuk
nikiisoma ankara yake mstari kwa mstari
kama anayechambua mchele wa kukopa.

Kuosha, dola ishirini.
Kunyoosha, sitini na tano.
Kusaga nundu kumi na mbili, mia moja na themanini.
Kupima, arobaini.

"Kupima?" nikasema. "Orest, kupima nako kunalipiwa?"

Hakujibu. Alijifuta mikono
kwa kitambaa ambacho zamani kilikuwa shati la mtu,
akaitoa maikromita kwa vidole viwili,
akaibana nundu ya tano, akaniita nichungulie.
Mimi niliona vistari. Yeye aliona
miaka kumi na minane ya kubeba ngano,
oili niliyochelewa kubadili msimu ule wa mvua ya mawe,
valvu moja ikigonga, tok, tok, tok,
nami nikiongeza sauti ya redio.

"Kusaga," akasema, "hata mto husaga mawe, tena bure.
Arobaini ni ya kujua pa kukomea."

Nilinyamaza, ila sikukubali upesi, nisidanganye.
Nilimkumbusha mayai ya Pasaka, trei tatu.
Nilimkumbusha trela niliyomwazima
ikarudi na taa moja.
Akasema mayai yalikuwa mazuri.
Akachukua kalamu, akaikata ile ishirini ya kuosha.
Kupima hakukugusa.

(Jirani yangu Duane alinishauri ninunue mpya,
ipo kwenye katalogi, anasema, bei nusu.
Mpya, ya lori la mwaka sitini na moja!
Nikamuuliza kama katalogi hiyo
inauza na magoti.)

Chini ya mashine palikuwa na trei
yenye tope jeusi, zito, kama masizi yaliyolowa.
"Hilo ndilo ulilonunua," Orest akasema, akicheka puani.

Tope.
Mtamba mzima, na kwato zake, na ukaidi wake,
nimemtoa kwa ajili ya kitu kilichoondolewa,
unene usiofika unywele wa mtoto mchanga.

Nikahesabu noti. Zilinuka kahawa.
Akazihesabu tena, kidole kikilowa ulimi,
hakuniamini hata kidogo,
na hapo ndipo roho yangu ilipotulia:
mtu asiyeamini noti za jirani yake
hawezi kuliamini jicho lake juu ya chuma.

Zilipungua tano.
"Utaleta," akasema,
akaandika kwa chaki ukutani, VERNA 5,
chini ya majina ambayo mengine
nimeshayasindikiza makaburini.

Sasa kemshafti imelala kwenye kiti cha abiria,
imeviringishwa karatasi ya oili, imefungwa mkanda.
Kila shimo la barabara mkono wangu wa kulia
unaruka wenyewe kwenda kuizuia,
kama nilivyokuwa nikimzuia Kayla.
Lori liko ghalani, tumbo wazi,
pistoni zimepangwa kwenye meza ya jikoni ya mama yangu.
Kwenye reli nilipunguza mwendo, nikasikiliza.

Redio nimeizima.